John Madden: kocha aliyeacha timu akaenda kufundisha nchi nzima

Kwa John Madden mambo yote yanaanzia kwenye goti. Jamaa alikuwa mkubwa wa mwili, mtu wa laini ya mbele, mwaka 1958 timu ya mpira wa Kimarekani ya Philadelphia Eagles ikamchukua kwenye drafti, ule utaratibu wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi ya 21, yaani kule mkiani kabisa kwa orodha, akaenda kambini akaumia goti na ikawa ndo basi tena, hajawahi kucheza hata mechi moja ya NFL, ligi kuu ya mpira huo. Na hilo lilikuwa goti la pili, la kwanza lilishaumia akiwa chuo. Sasa mchezaji majeruhi kambini hana kazi zaidi ya kuamka mapema kwenda kutibiwa, na Madden alipokuwa anafika asubuhi anamkuta Norm Van Brocklin, kwotabeki wa timu, amekaa peke yake na projekta anaangalia filamu za mechi. Kwotabeki ndo yule anayeshika mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Van Brocklin hakuwa mtu wa kubembeleza watu, lakini alimwita huyu kijana akae, akaanza kumwelezea, ona huyu beki kasogea hatua moja, kwa hiyo huku nyuma pamebaki wazi, ona huyu mguu wake umeelekea wapi, rudisha, angalia tena.

Madden mwenyewe amesimulia hiyo habari mara nyingi maishani mwake, kwamba alikuwa amecheza mpira miaka yote hiyo bila kuuona, na pale gizani ndo akauona kwa mara ya kwanza. Mi naamini kila alichokuja kufanya baadaye, ukocha miaka 10, utangazaji miaka 30, na ile gemu ya video inayobeba jina lake mpaka leo, vyote ni kumrudia Van Brocklin na projekta yake, ila safari hii yeye Madden ndo anayeelezea na sisi wengine ndo tumekaa pembeni.

Nasema sisi kwa sababu na mimi nimo. Nimekuja Marekani nikiwa mtu mzima, mpira niliokulia ni wa Simba na Yanga, na huu mchezo wa wenzetu, watu wamevaa mahelmeti wanagongana sekunde 5 halafu wanasimama wanaongea nusu dakika, ulikuwa haunisemeshi kitu kabisa. Kazini Jumatatu wenzangu wote ni hiyo hiyo stori, mi nakaa kimya. Kilichonifungulia mlango ni mechi za zamani zilizoko YouTube, za miaka ya 80 na 90, na sauti ya huyu mzee mnene mwenye nywele timutimu anayeongea kwa mikono. Nikajikuta naelewa. Halafu nikaanza kutafuta huyu mtu alikuwa nani, na stori yake ikawa kubwa kuliko mechi zenyewe.

Alizaliwa mwaka 1936 mji mdogo unaitwa Austin, jimbo la Minnesota, akakulia Daly City, jirani kabisa na San Francisco, baba yake fundi magari. Rafiki yake wa utotoni mtaani pale alikuwa John Robinson, na huyo naye akaja kuwa kocha mkubwa, fikiria watoto wawili wa mtaa mmoja. Alipozima kama mchezaji alirudi chuo cha Cal Poly kule San Luis Obispo akasomea ualimu, shahada ya pili ya elimu akaipata 1961. Hili watu wengi wanalipita haraka lakini naomba ulishike, Madden alikuwa mwalimu wa kusomea. Akafundisha mpira kwenye chuo kidogo kinaitwa Allan Hancock mji wa Santa Maria, halafu San Diego State kama msaidizi chini ya Don Coryell, na mwaka 1967 Al Davis, bosi wa Oakland Raiders, akamchukua awe kocha wa mabeki wa katikati. Miaka miwili baadaye kocha mkuu akaondoka na Davis akampa timu Madden. Alikuwa na miaka 32.

Sasa hiyo Raiders ilikuwa na watu gani. Aisee. Ilikuwa ni timu ya watu waliotemwa kwingine, watu wenye nywele ndefu na mandevu, watu wa baa, wakati makocha wengi wa enzi hizo walikuwa wanataka mchezaji anyoe na avae tai safarini. Madden hakuhangaika na nywele wala tai. Sheria zake zilikuwa 3 tu: wahi, sikiliza, na nikikwambia ucheze, cheza kwa nguvu zako zote. Mwaka wa pili wa ukocha wake alikuwa na George Blanda kikosini, mwenye umri wa miaka 43, mkubwa kuliko kocha wake kwa karibu miaka 9, na huyo mzee msimu ule wa 1970 alikuwa anaingia dakika za mwisho wiki baada ya wiki anaokoa mechi, mara kwa kurusha mara kwa kupiga teke. Kocha kijana mwenye woga angeshindwa kuishi na mtu wa hivo. Huyu akaweza.

Matokeo yake yako wazi. Misimu 10, ushindi 103, kupoteza 32, sare 7, na hajawahi kumaliza msimu hata mmoja akiwa amepoteza nyingi kuliko alizoshinda. Katika makocha wote wa NFL waliofikisha ushindi 100, hakuna mwenye asilimia kubwa kama yake, ni karibu asilimia 76. Ila miaka hiyo mingi watu walikuwa wanamwita kocha asiyeweza kushinda ile kubwa, maana kati ya 1969 na 1975 alitolewa mara 5 kwenye mechi ya mwisho kabla ya fainali. Mara 5! Na hapo hujaweka ile ya Desemba 23, 1972 kule Pittsburgh.

Hiyo nayo lazima niielezee. Raiders wanaongoza 7 kwa 6, zimebaki sekunde 22, Pittsburgh wamebakiwa na jaribio moja la mwisho. Terry Bradshaw anarusha mpira, unafika kwa mwenzake na Jack Tatum wa Raiders anamvaa huyo mwenzake palepale, mpira unaruka nyuma hewani, kila mtu anajua imeisha, halafu anatokea Franco Harris anaudaka karibu na majani, chini chini kabisa, anakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. 13 kwa 7. Sheria ya wakati ule ilikuwa inakataza mpira kutoka kwa mshambuliaji mmoja kwenda kwa mwingine bila beki kuugusa katikati, kwa hiyo swali lilikuwa uligonga nani, Tatum au yule aliyevaana naye, na waamuzi walikaa wanajadiliana kabla ya kusema ni pointi. Wamarekani wanaiita mechi hiyo kwa jina la kidini kabisa na wanaipenda sana. Madden hakuipenda. Mpaka uzee wake alikuwa bado haikubali, ukimuuliza unaona kabisa uso unabadilika, na hapo ndo unajua hii kazi ilikuwa inamla kiasi gani.

Fainali akaja kuipata msimu wa 1976. Walicheza 14 wakapoteza 1, wakapita kwenye mtoano, na Januari 9, 1977 pale Rose Bowl, Pasadena, wakawapiga Minnesota Vikings 32 kwa 14. Ken Stabler kwotabeki, mtu wa mkono wa kushoto. Kushoto mwa laini wamesimama Gene Upshaw na Art Shell, miamba miwili iliyofungua njia siku nzima. Kipindi cha mwisho mzee Willie Brown akaudaka mpira wa Vikings na kukimbia nao yadi 75 mpaka pointi. Ukiangalia ile mechi usiangalie mpira, angalia Upshaw na Shell tu. Haya ndo maelekezo ambayo Madden mwenyewe angekupa.

Halafu ikaja Agosti 1978, na hapa pananiumiza kuandika. Ilikuwa mechi ya kirafiki kabla ya ligi kuanza, Oakland dhidi ya New England Patriots, mechi isiyo na pointi wala kombe. Darryl Stingley wa Patriots akaruka kufuata mpira uliokuwa umempita, na Jack Tatum, yule yule Tatum, akaja kwa kasi akamgonga. Stingley akavunjika shingo. Hakutembea tena maisha yake yote, akafariki 2007. Kwa sheria za wakati ule lile gonga halikuwa hata faulo. Madden alitoka uwanjani akaenda hospitali usiku ule ule, na akaendelea kwenda, yeye na mke wake Virginia, kumwangalia kijana ambaye hakuwa hata mchezaji wake. Tatum mpaka anakufa hakuomba radhi.

Msimu ule ulipoisha, Januari 1979, Madden akaacha ukocha. Miaka 42, vidonda vya tumbo, amechoka, hawezi kulala. Akasema harudi tena kufundisha timu na kweli hakurudi, pamoja na kwamba kwa rekodi yake timu yoyote ingempokea. Yeye mwenyewe alizungumzia uchovu na tumbo. Mi sitaki kumwekea maneno mdomoni kuhusu Stingley, ila kwenye kichwa changu siwezi kuitenganisha ile Agosti na ile Januari.

Sasa mtu wa miaka 42 asiye na timu anafanya nini? Kituo cha televisheni cha CBS kilimwita ajaribu kutangaza. Pia alikubali kufundisha darasa chuo kikuu cha California kule Berkeley, darasa la mashabiki wa kawaida wanaotaka kuuelewa mpira, na akashangaa jinsi watu wanaopenda kitu kwa moyo wote wanavyoweza kuwa hawajui kinafanyikaje. Hilo darasa naliona kubwa kuliko mkataba wa CBS. Pale alijua mtu wa nyumbani anakwama wapi.

Mwaka 1981 wakamweka na Pat Summerall kama timu namba moja ya CBS. Summerall aliwahi kuwa mpiga mateke wa New York Giants, sauti nzito, maneno machache. Anakutajia jina, yadi, basi. Yaani mpira unarushwa, unadakwa, Summerall anasema majina mawili na neno pointi, kimya, uwanja unalia wenyewe. Na katika ule ukimya aliouacha ndo Madden anaingia na mikono yake na ile Boom! yake na kukwambia kwa nini. Walikaa pamoja misimu 21, na mi sijasikia watu wawili wanaopeana nafasi vile kwenye mchezo wowote, kwa lugha yoyote ninayoielewa.

Alichofanya Madden kwenye maiki ni hiki: aliangalia watu wa laini. Kila timu inaweka watu 11 uwanjani, na watano kati yao upande wa ushambuliaji ni wale wanene wa mbele ambao hawagusi mpira, kazi yao kuzuia tu. Ni sawa na wapishi wa harusi, pilau inasifiwa ukumbi mzima na hakuna anayeuliza nani aliamka saa 9 usiku kukoka moto. Watangazaji wote walikuwa wanafuata mpira na kamera zinafuata mpira. Madden alikuwa anaomba marudio ya watu ambao hawana mpira. Anakuonyesha mlinzi wa kushoto alivyoweka mkono kifuani mwa mtu, alivyozungusha nyonga, na pengo likafunguka, na yule mkimbiaji maarufu alichofanya ni kupita tu mlango ulioachwa wazi. Alizungumzia jasho lao, matope, mvuke unaotoka kichwani mtu akivua helmeti kwenye baridi, mashati yaliyotoka nje. Kuanzia 1984 akawa anatoa kikosi chake cha mwaka, kinaitwa All-Madden, cha wachezaji waliochafuka matope wanaocheza kwa moyo, na wachezaji walikuwa wanakitaka kikosi hicho kwelikweli.

Na akapewa kalamu. Fainali ya Januari 1982, San Francisco na Cincinnati, CBS walimpa chombo cha kuchora juu ya picha ya televisheni, mistari inaonekana kwa watazamaji wote. Leo kila studio ina hicho kitu, hata kwetu, lakini wakati ule ilikuwa mpya. Makocha walikuwa na ubao wao chumbani miaka yote, yeye akautoa ule ubao akauleta sebuleni kwa watu. Alikuwa anachora mishale ya mabeki, halafu dakika mbili baadaye anachora ndoo ya kinywaji ambayo wachezaji wa Giants wanainyemelea kummwagia kocha wao, anakuonyesha nani ataanzia wapi na nani anamzuga mzee asigeuke. Hiyo ilikuwa fainali ya Januari 1987. Watu walicheka, ila ukiangalia vizuri ni somo lile lile, angalia asiye na mpira.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye skrini, aliwalazimisha wenzake wafanye kazi kama makocha. Alitaka zile filamu za makocha zinazoonyesha wachezaji wote 22, alitaka kwenda mazoezini, alitaka kukaa na makocha na wachezaji siku mbili kabla ya mechi kuwauliza wanapanga nini. Leo hiyo ni kawaida kwa kila kituo kule. Nawaomba wachambuzi wetu wa redio na TV, na nasema kwa mapenzi maana nawasikiliza kila siku kwa simu, tuchukueni hili. Saa nzima tunajadili nani anasajiliwa na nani na nani kamtukana nani, wakati mi nataka kujua kwa nini beki wa kulia alikuwa peke yake dakika ya 70. Tuna watu waliocheza, tuna makocha waliostaafu wamekaa nyumbani, wanajua. Wapewe marudio na kalamu.

Halafu kuna basi. Madden aliacha kupanda ndege 1979, akiwa ndani ya ndege alishikwa na hofu ya kufungiwa, kifua kinabana, akashuka na hakupanda tena maisha yake yote. Watu wanaihusisha na ajali ya ndege ya Oktoba 1960 kule Toledo, Ohio iliyoua wachezaji 16 wa chuo chake cha Cal Poly, vijana ambao wengi alikuwa anawajua, ila yeye alisema tatizo ni kufungiwa ndani, sio kuanguka. Mwanzo alikuwa anatumia treni, na kuanzia 1987 akawa na basi lake, kitanda, meza, televisheni, madereva wanapokezana. Nchi ya upana wa zaidi ya kilometa 4,000 anaivuka kwa barabara kila wiki. Mechi ya mwaka ya nyota wa ligi ilikuwa inachezwa Hawaii, kisiwani, basi halifiki, hakuwahi kuitangaza. Lakini ile barabara ilimpa kitu. Alikuwa anasimama vijijini, anakula kwenye migahawa ya pembeni mwa njia, anaongea mpira na wahudumu na madereva wa malori, kwa hiyo alipokaa kwenye maiki Jumapili alikuwa anajua anaongea na nani. Watangazaji wenzake walikuwa wanaiona nchi kutoka juu mawinguni.

Na sikukuu ya Shukrani, Novemba, ambayo kule ni siku ya familia na mpira, akaifanya ya kwake. Mchezaji bora anapewa paja la bata mzinga palepale uwanjani, halafu miaka ya 90 akaleta lile pishi la kutoka Louisiana, kuku ndani ya bata, bata ndani ya bata mzinga, akalikata kwa mikono hewani. Ligi sasa hivi inamkumbuka rasmi kila sikukuu hiyo.

Habari za mikataba nitazipitia haraka. CBS walipopoteza haki za mechi, kituo cha Fox kikawachukua yeye na Summerall 1994, na mshahara wa Madden uliripotiwa kupita wa mchezaji yeyote wa ligi. 2002 akaenda ABC kwenye mechi za Jumatatu usiku na mtangazaji Al Michaels, 2006 NBC mechi za Jumapili usiku. Vituo vyote vinne vikubwa, tuzo 16 za Emmy, zile za televisheni, fainali 11. Ya mwisho ilikuwa Februari 2009 kule Tampa, Pittsburgh 27 Arizona 23, akastaafu Aprili mwaka huo akiwa na miaka 73. Katikati hapo, 2006, wakamwingiza Jumba la Umaarufu la mpira huu kule Canton, Ohio, na aliingia kama kocha.

Gemu je? Wengi wetu huku Afrika Mashariki EA Sports tunaijua kwa FIFA, tumekesha nayo sana. Lakini kabla ya FIFA ya kwanza ya 1993, kampuni hiyo hiyo ilikuwa na Madden. Mwaka 1984 mwanzilishi wake Trip Hawkins alipanda treni na Madden, maana ndege hapandi, wakaongea mpira safari nzima. Hawkins alitaka kutengeneza gemu ya kompyuta, ila kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu na ikaonekana watu 7 kila upande ndo zinaweza kubeba. Madden akagoma. Kama sio 11 kwa 11, huo sio mpira, jina langu sitoi. Ukiondoa watu 4 umeondoa nani? Umeondoa wale wa laini, wale wale. Gemu ikachelewa, ikatoka 1988, na tangu hapo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 130. Yeye alichotaka ni chombo cha kufundishia, mtu apange shambulizi lake aone linafanyaje kazi, na ikawa hivo kweli, kuna kizazi kizima cha Wamarekani na wageni kama mimi tuliojua majina ya mifumo ya ulinzi kutoka kwenye gemu.

Nisiache kusema la upande wa pili. Ile Boom! ilikuwa ni ya watu kugongana. Kwa miaka mingi televisheni yote, na yeye akiwemo mbele kabisa, ilisherehekea magonga ambayo leo tunajua yalikuwa yanafanya nini ndani ya fuvu. Ken Stabler, kwotabeki wake wa ubingwa, alifariki 2015 na madaktari walipochunguza ubongo wake wakakuta ule ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa tena na tena. Hili haliondoki kwa kumpenda Madden. Ninachoweza kusema ni kwamba hakulikimbia. Baada ya kustaafu aliingia kwenye kamati ya ligi ya usalama wa wachezaji, alisema wazi watoto wadogo wasicheze mpira wa kugongana, na kwenye gemu ya Madden NFL 12 mchezaji akiumia kichwa harudi tena mechi ile, Madden aliliunga mkono hilo akijua kabisa watoto wanaocheza ile gemu kesho ndo watakuwa uwanjani. Kwa mtu aliyekaa pembeni ya kitanda cha Stingley nadhani lilikuwa jambo la muda mrefu moyoni.

Alifariki Desemba 28, 2021 nyumbani kwake Pleasanton, California, miaka 85. Siku 3 kabla, Krismasi, Fox walikuwa wameonyesha filamu ya maisha yake, kwa hiyo alisikia mwenyewe watu wanavyomsema, wachezaji wake wazee, makocha, watu wa maiki. Februari iliyofuata wakamuaga kwenye uwanja wa Oakland, tiketi dola 32.14, yale matokeo ya 1977, hela ikaenda kwenye elimu ya vijana wa Oakland.

Kama hujawahi kumsikia na unataka pa kuanzia, usianze na vile vipande vifupi vya vichekesho. Tafuta fainali ya Februari 2002, New Orleans, Patriots na St. Louis Rams, mechi yake ya mwisho na Summerall. Nenda moja kwa moja pale ambapo ni 17 kwa 17, imebaki dakika 1 na sekunde 21, Patriots wako nyuma kabisa kwenye eneo lao na hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa, na kwotabeki wao ni kijana wa miaka 24 anaitwa Tom Brady, ambaye msimu ulianza akiwa benchi. Madden anasema wazi, mi ningeacha muda uishe twende muda wa nyongeza, hapa ni hatari. Hiyo ni akili ya kocha wa ushindi 103. Brady anarusha. Anarusha tena. Na unamsikia mzee anavyobadilika yadi kwa yadi, bado anasema asingefanya hivo lakini anaanza kuelezea kijana anachokiona, kwa nini amechagua huyu na sio yule, sauti inapanda, mpaka Adam Vinatieri anapiga teke la yadi 48 linapita katikati ya nguzo saa ikiisha, na Madden anawaambia mamilioni ya watu kwamba alichofanya huyo kijana kimemsisimua mwili. Tangu 2024 huyo Brady amekaa Fox kwenye kile kiti cha mchambuzi namba moja alichokaa Madden usiku ule, mi kila Jumapili namsikiliza kuona kama anatuonyesha wale watu wa laini.